Mtungi wa Mungu wa Radi

Lango la Simba lilikuwa limeshabaki nyuma yetu mke wangu alipokumbuka kwamba hakufunga mlango wa nyumba.

"Acha wazi, dada," kaka yake akamwambia. "Wakija Wakashka, hao waporaji wa milimani, wasije wakachoka kuuvunja."

Huyo alikuwa Kasu, askari wa mfalme, au tuseme aliyekuwa askari wakati mfalme alipokuwapo. Mke wangu Ayatarsha hakucheka. Alimhamisha binti yetu Annana kutoka bega hili hadi bega lile, akaendelea kutembea. Mimi nilikuwa mbele na fimbo yangu, nawaongoza fahali wa hekalu. Kazi yangu ilikuwa hiyo tangu nilipoota ndevu. Nyuma yangu magurudumu yalilia, na juu ya gari, umefungwa kamba na kuzungushiwa majani makavu, ulikuwa umesimama mtungi.

Mtungi ule ulikuwa mrefu kuliko mimi. Kwetu Hatusha, mavuno yakishaingia, ngano mpya humiminwa katika mtungi wa Mungu wa Radi, unafunikwa, na mdomo wake unapigwa muhuri wa udongo. Unakaa hivyo majira yote ya baridi, umefukiwa hadi shingoni katika ua wa hekalu. Majira ya kuchipua yakifika, watu wanasikiliza mbingu. Siku radi ya kwanza inaponguruma, kuhani anavunja muhuri, wanawake wanasaga, mkate unaokwa, mungu anakula, kisha watu wanakula, kisha majembe yanaingia shambani. Bila radi haufunguliwi. Mfalme hakuwahi kuufungua bila radi, wala baba yake, wala yeyote aliyeitawala nchi ya Hati tangu ilipoitwa Hati.

Mwaka ule radi haikuja. Mawingu yalipita, yakatutazama, yakaenda zao. Majira ya kuchipua yakaisha, joto likaingia, na ile ngano iko chini ya muhuri. Maghala mengine yalikuwa yameshafagiwa mpaka vumbi. Jahazi za nafaka tulizokuwa tukiletewa kutoka Misri hazikuonekana tena, maana baharini kulikuwa na watu wa vita wasiojulikana wametoka wapi. Miji iliyokuwa ikitulipa kodi ilinyamaza, mmoja baada ya mwingine. Halafu asubuhi moja tukaamka tukakuta ikulu haina walinzi. Mfalme ameondoka na watu wake, na dhahabu, na sanamu za miungu yote. Hekalu la Mungu wa Radi lilikuwa tupu. Kiti chake cha mbao kimeangushwa chali kama kiti cha mlevi. Kilichobaki kingine ni mtungi, kwa kuwa ulikuwa mzito, pamoja na agizo kwamba sisi watu wa hekalu tuufukue tumfuate nao kusini, Nchi ya Chini.

Kuhani wetu Walwaziti alipolisikia agizo hilo alilia kwa furaha. "Hajatusahau," alisema. Akakipakia na kile kiti.

Basi tukatoka, kaya kama kumi hivi na gari moja.

Siku za mwanzo Kasu alitusimulia ukuu wetu ili miguu isahau. "Babu zetu," alisema, "walishuka kutoka milima hii hadi Babeli, wakaichoma, wakarudi wakiwa na harufu ya mafuta mazuri ya huko kichwani. Hawakukaa hata kuitawala. Walikwenda tu kuonyesha kuwa wanaweza! Farao wa Misri akajileta na magari yake ya vita elfu, tukampiga hadi akaenda kwao kuchora ukutani kwamba ameshinda. Baadaye akatuandikia: ndugu yangu, hujambo, watoto hawajambo, farasi hawajambo? Farasi! Anauliza hali ya farasi wetu kwa woga!"

"Na sasa?" akauliza Bibi Tunawi.

"Sasa, bibi, jeshi la Hati ni mimi, na mkuki wangu umekatika ncha."

Bibi Tunawi alicheka hadi akakohoa. Yeye alikuwa mpiga kura wa hekalu, mwanamke aliyeuliza miungu maswali kwa vijiti na mawe madogo aliyoyatupa juu ya kitambaa. Aliogopwa na wengi, na alikuwa na ulimi kama upupu.

Tulipovuka mto Marashantiya maji hayakufika magotini. Ng'ambo yake hakukuwa na kijiji chenye moshi. Shayiri iliyosimama mashambani ilikuwa imekauka ingali na urefu wa kidole. Tulikula mizizi, ngozi za mikanda, magome. Watoto walitangulia kufa, tuliwazika chini ya mawe pembeni mwa njia, na kila mara nilipolisimamisha gari kwa maziko, fahali waligeuza vichwa kuunusa mtungi. Walijua kilichomo. Fahali mmoja akaanguka hakuinuka. Kuhani alikataza asiliwe, kwa kuwa ni mnyama wa mungu, tukamwacha na nyama yake yote. Nikasukuma nira upande mmoja na wanaume, upande wa pili yule fahali aliyebaki.

Ikafika mahali Annana ndiye mtoto pekee aliyebaki kati yetu. Alikuwa na umri wa kuuliza kila kitu kwa nini. Mwanzoni alilia njaa, kisha akawa anaomba bila kulia, kisha akaacha kuomba. Siku alipoacha kuomba, Ayatarsha alikwenda kusimama mbele ya Walwaziti, mtoto akiwa amening'inia begani.

"Bwana kuhani, nikuulize. Mungu anaihitaji ngano yote ile?"

"Si yake peke yake, mama Annana. Ni yetu sote. Ndiyo maana haiguswi. Tukiila leo, mwaka hautafunguka tena, si kwetu, si kwa mfalme, si kwa yeyote."

"Sote ni akina nani? Juzi tulikuwa sote. Leo tumewaacha watu watatu njiani. Mwisho wake sote itakuwa wewe na mtungi."

"Usiseme hivyo."

"Basi muulize. Ndiyo kazi yenu kumuuliza."

Walwaziti akamtazama Bibi Tunawi. Bibi akatandika kitambaa katikati ya barabara, akatupa vijiti vyake, akainama kuvisoma.

"Anasema ngojeni."

"Tungoje nini?" Ayatarsha akauliza.

"Hilo hajasema. Akina baba hawasemagi."

Nami nakiri kwamba hakuna aliyeunyooshea mtungi mkono. Nimetembea nchi nyingi tangu wakati ule, na kila nikifika hapa katika kusimulia watu hunishangaa: mlitembea na ngano huku mnakufa njaa? Wana msemo wao kwamba mwenye njaa hana mwiko. Hao hawakuwaona watu wa Hati. Sisi mwiko ndio uliokuwa umebaki mkononi. Nyumba hatuna, mfalme hatuna, mungu mwenyewe amebebwa; tukiuvunja na huo, tutakuwa kina nani? Wakashka tu, wenye lugha tofauti.

Tukafika kwenye korongo kavu, mteremko wake wote mawe. Gari lisingeteremka likiwa na mnyama mbele, lingemponda. Nikamfungua fahali, nikaweka jiwe kubwa chini ya gurudumu, na Kasu pamoja na wanaume waliokuwa na nguvu kidogo wakashika kamba nyuma ili tuliteremshe polepole. Jua lilikuwa utosini. Annana alikuwa amelazwa kivulini mwa mwamba, macho nusu wazi.

Ayatarsha alitoka pale alipokuwa mtoto, akaja moja kwa moja hadi kwenye gari. Nilidhani anakuja kuniambia tayari, amekwisha. Akaniangalia usoni, akainama, akalivuta lile jiwe kwa mikono miwili mbele ya watu wote.

Gari likaenda. Kamba iliwatoka wanaume mikononi. Lilirukaruka juu ya mawe, magurudumu ya mbao nzito yakigonga mwamba, na korongo likaupokea ule mshindo, likaurusha ukuta huu na ukuta ule, ukapanda juu, ukarudi, ukawa mkubwa kuliko gari lenyewe. Tuliusikia tumboni. Chini kabisa gari likazama kwenye mchanga, gurudumu moja likang'oka na kujiendea zake, kisha likalala. Mtungi ulibaki umesimama. Ulikuwa na ufa, lakini muhuri haukuguswa.

"Imenguruma!" Ayatarsha akapiga kelele.

Korongo lilikuwa bado linasema kwa mbali.

Walwaziti akateremka akijikwaa, akauwekea ule ufa kiganja chake kama mtu anayeziba jeraha. "Mama Annana," alisema, "umefanya nini? Umefanya nini wewe?"

"Nimesikia radi. Wewe hukusikia?"

"Nimesikia gari!"

"Na radi ni nini? Tangu nikiwa mdogo mnatufundisha nyinyi wenyewe: radi ni magurudumu ya gari la mungu linapopita. Hili ni gari la nani? La baba yangu?"

"Gari la mungu linavutwa na fahali wawili. Hapa fahali wako wapi?"

Bibi Tunawi alikuwa anateremka kwa makalio, jiwe baada ya jiwe. "Ala! Hiyo ndiyo ajabu yenyewe, Walwaziti," alisema. "Gari limekwenda bila wa kulivuta. Wewe umewahi kuona? Sasa lilivutwa na nani?"

"Bibi, usinifanyie mzaha leo."

"Sifanyi mzaha. Masikio yangu ni mabovu, sisikii hata nikitukanwa. Lakini hiyo nimeisikia. Ilikuwa radi."

"Mimi imenichuna viganja," Kasu akasema kutoka juu, akionyesha damu. "Radi kabisa."

Mtu mwingine akasema imenguruma. Na mwingine. Walisema bila kutazamana. Kuhani akageuka kwangu, midomo yake imepasuka kwa ukavu, na nikaona kwamba alitaka kusaidiwa, ila sikujua upande gani.

"Himuili, wewe ndiye mwenye gari. Umesikia nini?"

"Imenguruma, bwana," nikasema.

Akaondoa kiganja chake kwenye ufa. Kisha akavunja muhuri.

Ngano ilikuwa nzima, kavu, nyekundu, haikuwa na mdudu hata mmoja. Wanawake walisaga kwa mawe ya mtoni. Gurudumu lililong'oka tulilipasua kuni. Mikate ya kwanza ilipoanza kunukia juu ya mawe ya moto, kuna mwanamume mmoja mzima alianguka akazimia kwa harufu tu. Hata hivyo hakuna aliyemega. Mungu hula kwanza.

Walwaziti akakiweka kiti juu ya mwamba, akaweka mkate mbele yake. Akachora kwa unga vijia vyembamba juu ya mawe, kimoja kutoka kaskazini, kimoja kutoka kusini, vingine kutoka mawio na machweo, vyote vikiishia kwenye kiti, ili mungu popote alipo aone njia ya kujia. Akamwita kwa majina yake yote, yale ya kawaida na yale ya sikukuu. Akamsihi kama mtu anavyomsihi mgonjwa anywe japo uji. Mkate ukapoa. Bibi Tunawi akatupa vijiti.

"Hajala," alisema.

"Tupa tena."

Akatupa. "Hajala. Hayupo, Walwaziti. Sanamu yake iko kwa mfalme, naye yuko iliko sanamu yake."

"Na mfalme yuko wapi?" Kasu akauliza.

Tukasimama pale tumeuzunguka mkate. Mate yalitujaa vinywani tukayameza, ndiyo yaliyokuwa chakula chetu. Walwaziti alishika kichwa chake kwa mikono miwili akasema nimewaua, nimewafungulia na nimewaua.

"Kuna njia," Bibi Tunawi akasema. Mara hiyo sauti yake haikuwa na mzaha. "Aketishwe badala."

Sote tulilijua jambo hilo. Mfalme alipotabiriwa mabaya, mtu mwingine alivishwa nguo zake, akaketishwa kwenye kiti chake, akala chakula chake, na siku hizo yeye ndiye aliyekuwa mfalme. Mtu huyo harudi kwao kamwe. Aliyekalia kiti ni wa kiti.

"Niketi mimi," Kasu akasema. "Sina mke, sina shamba."

"Wewe mikono yako imeua. Mungu hali kwa mikono hiyo."

"Mimi, basi," akasema Walwaziti.

"Wewe ndiye wa kumlisha. Utajilisha mwenyewe kama nyani? Anatakiwa asiye na kosa, hata la kuwaza."

Wote wakatazama kule kwenye kivuli cha mwamba.

Bibi Tunawi akamfuata Ayatarsha, akamshika mkono. "Nisikilize, mwanangu. Akila pale, ataishi, kama bado tumbo lake linakumbuka kula. Lakini atakuwa si wenu. Hamtamwita jina lake tena. Hatawaita mama wala baba. Yeye ataenda njia moja na kuhani, nyinyi njia nyingine, na akilia msigeuke. Mkigeuka, mungu ataona kwamba alikopeshwa tu, na atadai chake. Na anapodai, hadai mkate."

"Nimeelewa," Ayatarsha akasema.

"Mimi nimekataa," nikasema.

"Umekataa nini, Himuili?"

"Kumtoa."

Akanichukua mkono akanipeleka kivulini, akaniwekea kiganja changu juu ya kifua cha mtoto. Kilikuwa kinapanda kidogo, kinasahau, kinapanda tena.

"Hiki ndicho unachokataa kukitoa," aliniambia.

"Atatusahau."

"Na asahau. Wa kusahau ni aliye hai."

Ayatarsha alimwinua, akamfuta vumbi usoni kwa mate yake, akambeba hadi kwenye kiti cha mungu, akamketisha. Kiti kilikuwa kikubwa, miguu haikufika hata ukingoni. Kuhani akamwegemeza kwa joho lake asianguke. Walwaziti akapiga magoti. Akalowesha mkate kwa maji ya kiriba, akaupeleka kwenye mdomo wa mwanangu, na yule mtu aliyekuwa akimkemea Annana kwa kukimbia uani alimwambia: "Kula, bwana wangu. Kula, bwana wa mbingu."

Mwanzo mkate ulidondoka. Mara ya pili akaulamba. Mara ya tatu akameza, na koo lake likaonekana likisogea, na kaya zote zikatoa sauti moja kama mtu aliyeondolewa mzigo kichwani.

"Mungu anakula polepole," Kasu akasema. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

Alikula hivyo, kidogo kidogo, hadi kivuli kikatufikia. Rangi kidogo ikarudi midomoni. Akafungua macho vizuri, akatutafuta, akatuona. Nyumbani alikuwa na tabia ya kumlisha mama yake. Hawezi kula tonge asimpelekee moja. Akamega kipande kwa vidole vyake akakinyoosha kwa Ayatarsha.

Bibi Tunawi akatikisa kichwa polepole, kumwonya.

Ayatarsha akaenda. Akapiga magoti mbele ya kiti, akainamisha uso hadi chini, akakinga viganja vyote viwili kama watu wanavyokinga mbele ya madhabahu. Kipande kikaanguka viganjani.

"Asante, bwana wangu," alisema.

Annana akacheka. Alidhani ni mchezo.

Ndipo wote tukala.

Asubuhi wenzetu walifunga ngano kwenye magunia na ngozi, wakaenda kusini kwa miguu, kuhani amembeba mgongoni. Mimi na mke wangu tulielekea mawio. Alituita. Alimwita mama yake kwanza, halafu mimi, halafu mama yake tena. Nilimshika Ayatarsha mkono, naye alinishika wangu hivi kwamba kucha ziliingia, na tulikwenda hivyo mpaka kilima kikaikata sauti.

Bibi Tunawi alikufa kabla hawajafika kwenye ziwa la chumvi. Kasu hakwenda nao, maana naye ni damu ya mtoto. Alishuka pwani, akajiunga na wale wale watu wa vita wa baharini waliokuwa wakipora nafaka yetu, na nikasikia aliuawa kwenye mwambao wa Misri. Walwaziti hakumpata mfalme. Hakuna aliyempata, wala sanamu haijaonekana. Alifika na watu wachache katika mji mmoja wa Nchi ya Chini, wakapanda ile ngano iliyobaki, mvua ikanyesha kiasi, wakajenga hekalu la matofali ya udongo. Aliishi huko miaka mingi. Ayatarsha alizaa mtoto mwingine tukiwa katika mji wa Karkemishi, wa kiume, akafa naye katika uzazi huo. Mimi nikaanza kutembea. Nilipita ule mji mara moja, nikiwa tayari na mvi. Kuhani wao ni mwanamke mrefu, anazungumza Kiluwi, lugha ya huko, na mlangoni anawapa wapita njia mkate. Alinipa na mimi, nikakinga viganja viwili, wala sikumwita jina. Hatusha ilichomwa moto, sijui na nani, watu wanasema Wakashka, na sasa wanafugia nguruwe ndani ya kuta zake. Mtungi tuliuacha pale korongoni.